Kurunzi ya Funguo: Ahadi ya Kasha na Mtihani wa Maji

Katika miji yetu ya mwambao, kurunzi ndogo inayoning'inia kwenye funguo imekuwa sahibu wa usiku. Ndiyo inayomwangazia mama ngazi umeme unapokatika, na ndiyo inayowaonyesha njia wanaotoka tarawehe au wanaoelekea msikitini alfajiri kupitia vichochoro vya Mji wa Kale na Lamu. Hukaa mkobani pamoja na funguo na sarafu, na kila siku huanguka, hukwaruzwa na kulowa. Kwa hiyo, anayetaka kuinunua asitazame ukali wa mwanga peke yake. Aulize pia: je, itastahimili maji na vishindo?

Makasha mengi huandikwa kwamba kurunzi "haipitishi maji". Maneno hayo, yakiwa peke yake, hayana kipimo, kwani manyunyu ya vuli si sawa na kutumbukia ndooni. Kipimo cha kutegemewa ni alama inayoanza kwa herufi IP, ambayo kanuni zake zimewekwa na tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC. Baada ya herufi hizo hufuata tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Ikiwa mahali pa tarakimu ya kwanza pana herufi X, maana yake ni kwamba kinga ya vumbi haikutajwa. Basi IPX4 ni kurunzi inayostahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, nayo yatosha kwa mtu anayetembea mvuani. IPX7 ni ile iliyozamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila ya kudhurika. IPX8 hupita hapo, lakini kina na muda hutajwa na mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo karatasi yake isomwe. Pasipo na alama yoyote, mnunuzi achukulie kwamba ahadi ile haina ushahidi.

Hata alama hiyo ina mpaka wake, na sisi wa pwani tunapaswa kuujua. Majaribio hayo hufanywa kwa maji matamu, si ya bahari. Chumvi hula vyuma, hupitisha umeme mahali pasipotakiwa, na ikikauka huacha chembe zinazoikwaruza pete ya mpira inayozuia maji. Vilevile kurunzi iliyopata joto la jua ikitumbukia ghafla majini, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, nayo huvuta maji kupitia ufa mdogo kabisa. Basi mwenye kuvuka kwa mashua kila siku na achague ya 7 au 8, na isiwe ile ya 4.

Uimara nao una siri zake. Taa za LED hazina ule uzi mwembamba wa chuma uliokuwa ukikatika katika balbu za zamani, na kwa hiyo kuanguka hakuziui upesi. Kinachoharibika mara nyingi ni vilivyoizunguka taa: swichi, vibati vinavyoshika betri, na mwili wenyewe. Mwili wa aluminiamu uliofungwa kwa hesi na kutiwa pete ya mpira hustahimili zaidi kuliko vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa. Lakini aluminiamu hiyo ikichubuliwa na funguo, ngozi yake ya kinga huondoka, na hewa yetu ya chumvi hupata pa kuanzia. Kwa zile za kuchaji, mahali dhaifu ni tundu la kuchajia. Kifuniko chake cha mpira kikilegea, alama ya IP iliyoandikwa kwenye kasha haina maana tena.

Nchini Marekani, tangu mwaka 2009 kuna kiwango maalumu cha kurunzi kiitwacho FL 1. Katika kiwango hicho, kurunzi huangushwa juu ya sakafu ya zege kutoka kimo kilichotajwa, kisichopungua mita 1, na baada ya kuangushwa ndipo hupimwa kwa maji. Mpango huo una hekima, kwa sababu kurunzi ya funguo hailowi ikiwa mpya daima. Hulowa ikiwa imekwisha kuanguka mara nyingi.

Kuna jambo jingine lililo zito kuliko bei ya kurunzi. Nyingi ya zile ndogo kabisa hutumia betri bapa mfano wa sarafu, na funguo ndizo kitu ambacho aghalabu hupewa mtoto mchanga ili anyamaze. Plastiki ikipasuka, betri hutoka, na mkono wa mtoto huipeleka kinywani. Betri hiyo ikikwama kooni, umeme wake huzalisha kemikali kali inayochoma nyama, na jeraha kubwa laweza kutokea katika muda wa saa 2 tu. Hata betri iliyokwisha nguvu ya kuwasha taa yaweza kudhuru. Mzazi anayeshuku kwamba mtoto amemeza betri asingojee dalili wala asimtapishe. Ampeleke hospitali mara moja apigwe eksirei. Kwa hiyo nyumba yenye watoto na ichague kurunzi ambayo mlango wake wa betri umefungwa kwa skrubu, na iliyopasuka isibakishwe kwenye funguo hata siku moja.

Iliyo nzuri nayo yataka kutunzwa. Ikiangukia baharini, izimwe, ioshwe kwa maji matamu ikiwa imefungwa, ikaushwe kwa kitambaa, kisha ifunguliwe na betri itolewe, na iachwe kivulini penye upepo. Isichajiwe ikiwa na unyevu. Pete ya mpira ipakwe grisi kidogo ya silikoni. Mafuta ya mgando ya mwilini huiharibu mipira ya aina fulani. Kurunzi isiyotumika kwa muda mrefu itolewe betri, kwani betri huvuja na kula vibati vya ndani. Na anayetaka kuijaribu ile inayofunguka aondoe betri, atie karatasi ya shashi mahali pake, aifunge barabara na kuizamisha katika glasi ya maji kwa muda usiozidi ule wa alama yake. Karatasi ikitoka na unyevu, atakuwa amepata jibu lake nyumbani, kabla ya masika kumpa jibu hilo njiani.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, na vidole vyake vikapata unyevu. Muuzaji alipotoa udhuru kwamba ni mvua, Mtume alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Wenye maduka watazame vikurunzi vyao kwa jicho hilo: kisicho na kipimo kisisifiwe kwa maji. Nasi wanunuzi tusione haya kumwomba muuzaji atufungulie kurunzi tuione pete yake. Bandu bandu huisha gogo: kununua kurunzi ya bei ndogo kila baada ya mwezi ni kutupa mali kidogo kidogo, na dini yetu imetukataza israfu hata katika vitu vidogo.