Springi za pikapu kuukuu: Kelele haitibiwi kwa oili chafu

PIKAPU nyingi za zamani, hususan Toyota Hilux, hubebwa nyuma na springi za bapa, yaani vipande vya chuma vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine. Gari likichakaa, springi hizo hulia katika kila shimo, na baadhi ya wamiliki huamua pia kulishusha gari ili litulie kwenye kona na kupakiwa kwa urahisi. Kazi zote mbili zinawezekana. Hatari imo katika njia za mkato.

Kelele hutokana na ncha za vipande kusuguana zikiwa na kutu na mchanga, au na bushi zilizokwisha. Kumwagia oili chafu hunyamazisha kwa siku chache tu, kwani oili hunasa vumbi na kuozesha mpira wa bushi. Dawa ni kufungua springi, ikiwa imebanwa kwanza kwa klampu ili isifyatuke, kuipiga brashi ya waya, kukagua nyufa, kisha kuweka vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha. Nati za bushi mpya za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hujipinda na kuchanika mapema.

Katika kushusha, wapo wanaoipasha springi moto kwa gesi mpaka ilegee. Huko ni kucheza na roho za watu, maana joto huondoa ugumu uliotiwa kiwandani na springi yaweza kuvunjika safarini. Kupunguza vipande nako hupunguza uwezo wa kubeba. Njia iliyo bora hutegemea mahali ilipo ekseli: ikiwa juu ya springi, bloku ya chuma kati yake na springi hulishusha gari, ikiwa chini, bloku hiyo hiyo hulinyanyua. Hata hivyo, nafasi ya ekseli kupanda hupungua, hivyo mzigo nao upunguzwe.

Linalosahaulika ni breki. Hilux nyingi zina valvu inayopima mzigo kwa umbali kati ya ekseli na fremu. Gari likishushwa, valvu hulichukulia kuwa limepakia, ikapeleka nguvu nyingi nyuma, na magurudumu ya nyuma huweza kujifunga ghafla, hasa barabara ikiwa na maji. Fundi airekebishe fimbo ya valvu hiyo, kisha breki zijaribiwe mahali pasipo na watu kabla ya gari kurejea barabarani.