Ukiulizwa Kama Umeridhika, Unatoa Ushahidi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Swahaba zake wote. Amma baad.

Tumeletewa swali na ndugu yetu wa Oldeani, wilayani Karatu, anayefanya kazi katika shamba la kahawa. Anasema alifuatwa nyumbani na kijana mwenye fomu ya maoni kuhusu taarifa za afya zinazotolewa kwao: matangazo, jumbe za simu na maelezo wanayopewa kina mama kliniki. Akatakiwa kuchagua jibu moja, kuanzia "sijaridhika kabisa" mpaka "nimeridhika sana". Akachagua "nimeridhika sana".

Lakini wiki ileile mama mkwe wake, ambaye lugha yake ni Kiiraqw na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, alikuwa amerudi kutoka kliniki na mjukuu anayeharisha. Alipewa pakiti ya ORS na akaelezwa kwa Kiswahili cha haraka. Pakiti ile ni ya kuchanganya na lita moja ya maji safi. Yeye alielewa kikombe kimoja. Mtoto akanyweshwa mara mbili kabla mama yake hajagundua. Allah akamnusuru.

Ndugu yetu anauliza: je, amepata dhambi kwa kusema ameridhika? Na lau angesema kweli, si angekuwa amemsengenya muuguzi, naye ni jirani yao?

Tunasema, na kwa Allah ndiko kwenye tawfiki.

Kwanza tufahamu fomu ile ni kitu gani. Wenye huduma hawawezi kumuuliza kila mtu, kwa hivyo huchagua wachache, na majibu ya hao yakachukuliwa kuwa ni hali ya wote. Mtu mmoja wa Oldeani akijibu, huwa amejibia nyumba nyingi ambazo hazikuulizwa. Majibu yakijumlishwa yanapelekwa kwa wakubwa, na hao ndio wanaoamua: maelezo yaendelee vilevile, au aajiriwe mkalimani, au pakiti ichorwe picha ya chupa ya lita moja. Wote wakisema wameridhika, hakibadilishwi kitu.

Tatizo ni mazoea yetu. Sisi Waswahili tukiulizwa "hujambo?" tunajibu "sijambo", hata homa ikiwa kichwani. Baadaye ndipo tunaeleza kuwa usiku hatukulala. Hiyo ni adabu ya salamu, na kila mmoja anaijua. Lakini kijana mwenye fomu haji kusalimia. Anaandika "sijambo" yako na kuondoka nayo, na ile sehemu ya pili ya maneno hasubiri kuisikia. Basi ulichokikusudia kuwa adabu kinakuwa ushahidi.

Na ushahidi katika dini yetu una hukumu zake. Katika Suratul Baqarah, aya ya 283, Allah anatukataza kuuficha. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, anatuamrisha kuusimamisha kwa uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Ikiwa hata mzazi hastahamiliwi katika haki, vipi iwe kwa kumwonea haya kijana wa fomu?

Tena hapa suala ni taarifa za afya, na taarifa ya makosa inaua. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali, na akabainisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale watu hawakumkusudia mwenzao ubaya, na hata hivyo lawama iliwafika. Mwenye kunyamaza akijua kuwa maelezo hayafahamiki, hali ya kuwa ameulizwa, na ajihofie.

Hata hivyo, hatumweki ndugu yetu daraja moja na shahidi wa uongo mbele ya kadhi. Alisema kwa haya, na hakukusudia kumdhuru mtu. Linalomlazimu ni kuomba maghfira na kurekebisha: aende kwa mganga mfawidhi wa kituo au kwa wajumbe wa kamati ya kituo, aeleze lililotokea. Akiona uzito, lipo sanduku la maoni, na ipo namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo kuipiga ni bure.

Ama swali la pili, la kusengenya. Imamu An-Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja mambo sita ambayo kwa ajili yake inajuzu kumtaja mtu kwa lile asilolipenda, yakiwemo kushitaki dhulma, kutaka msaada wa kuondosha baya, na kuwatahadharisha watu na madhara. Na katika Bukhari na Muslim, Hind bint Utbah alimlalamikia mumewe Abu Sufyan mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa ubahili wa matumizi ya nyumba, naye akamjibu shida yake wala hakumkemea. Lakini kuna masharti: useme kwa mwenye uwezo wa kurekebisha, useme kiasi cha haja, na usizidishe. "Maelezo ya ORS yalitolewa kwa lugha ambayo mama hakuielewa" yanatosha. Tabia za muuguzi na habari za nyumbani kwake hazihusiki, na kuzitia humo ndiko kusengenya. Wala usimpunje haki yake: kama alikupokea vizuri, liseme na hilo. Asiyewashukuru watu hakumshukuru Allah, kama ilivyokuja katika hadithi.

Tuna nasaha pia kwa wanaouliza, maana mzigo huu si wa anayejibu peke yake.

Wasichanganye kuridhika na kuelewa. Mama mkwe wa ndugu yetu angeulizwa angesema ameridhika, kwani alipokewa kwa heshima na akapewa dawa. Swali lenye faida lilikuwa: "Mama, hebu nieleze, utaichanganyaje?" Vilevile wasihesabu taarifa zilizotumwa wakadhani zimefika. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha Wazazi Nipendeni, jumbe za simu za bure kwa wajawazito na wazazi, na ilikuwa kheri kubwa. Lakini ujumbe kuingia katika simu ni jambo moja, kusomwa ni la pili, na kufahamika ni la tatu. Na asiye na simu hawezi kuulizwa kwa simu.

Waulize kwa lugha za watu. Karatu ina Wairaqw, Wadatoga, na Wahadzabe upande wa Ziwa Eyasi. Mashamba ya kahawa ya Oldeani, tangu enzi za walowezi wa Kijerumani, yamekusanya vibarua kutoka sehemu mbalimbali. Anayeuliza kwa Kiswahili pekee atawapata wale ambao tayari wanaelewa, na waliokosa kuelewa watabaki nje ya hesabu.

Asiulize yule aliyetoa huduma, wala asisimame karibu. Na majibu ni amana: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda siri za watu, na dini ilitangulia kukataza kuzitoa. Kisha warudi kuwaambia wananchi kilichobadilika, kwani aliyeulizwa mara tatu asione jambo, mara ya nne atasema "nimeridhika" ili aachwe.

Enyi ndugu zetu wa Oldeani, majirani zenu wengi si Waislamu, na watoto wao wananyweshwa pakiti hizohizo. Ushahidi wenu wa kweli utawafaa wao kama utakavyowafaa nyinyi, na hiyo ni sehemu ya haki ya jirani. Kijana wa fomu akirudi, mkaribisheni, mumwitikie salamu, mjibu "hatujambo". Akifungua fomu, mwambieni habari ya kile kikombe cha maji.

Wallahu a'lam.