Ndege ya saa moja, safari ya siku nzima: Mzazi, piga hesabu hizi kabla ya kukata tiketi ya Dar

Mtoto ameandikiwa rufaa. Barua inasema afike Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), pale Muhimbili jijini Dar es Salaam, Jumatatu asubuhi. Familia iko Matambarale, wilayani Ruangwa mkoani Lindi.

Mjadala unaanza nyumbani. Baba anaona ndege ni ya wakubwa. Mjomba aliyeko Dar anasema mtoto asisumbuliwe na basi, yeye atachangia nauli. Mama, ambaye ndiye atakayembeba mtoto, anabaki na simu mkononi asijue aanzie wapi.

Familia nyingi za Kusini hufika kwenye njia panda hii. Dar es Salaam inazidi kukua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 4.36 na ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.38. Hospitali kubwa, vyuo na ndugu wengi wako huko, na kila mwaka kuna mzazi wa kijijini anayelazimika kwenda.

Ndege inaweza kumsaidia sana mzazi huyo. Inaweza pia kumla fedha na bado akachelewa miadi, ikiwa hakupiga hesabu zake vizuri.

Anza kuhesabu mlangoni kwako

Wazee wa Nachingwea wanajua kwamba zamani ndege ilikuwa jirani. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 uliifanya Nachingwea kuwa mji wenye kiwanja cha ndege, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipeleka abiria huko. Mradi ulikufa, na shirika lenyewe likavunjika mwaka 1977.

Leo mtu wa Matambarale anayetaka ndege ya abiria kwenda Dar huelekeza macho Mtwara. Air Tanzania na Precision Air ndizo kampuni ambazo zimekuwa zikiunganisha miji hiyo miwili. Hata hivyo, kabla ya kukata tiketi uliza pia kama wakati huo kuna safari kutoka Kikwetu, Lindi, maana ratiba hubadilika.

Angani, Mtwara hadi Dar ni takribani saa moja. Lakini kutoka Ruangwa unapita Nanganga, unakwenda Mingoyo, kisha unageukia Mtwara. Hizo ni zaidi ya kilomita 200, na hapo hujahesabu bodaboda ya kukutoa kijijini wala muda wa kusubiri gari lijae.

Kwa hiyo ukipata ndege ya asubuhi na mapema, jua kwamba utalala Mtwara. Gharama ya chumba na chakula ni sehemu ya nauli yako. Ndege ya mchana au jioni inaweza kukuokolea usiku huo, mradi uondoke kijijini alfajiri na uache nafasi ya gari kuharibika njiani.

Weka hesabu zote mbili kwenye karatasi moja. Upande mmoja andika basi la kwenda Dar, chakula na uchovu wa mtoto. Upande wa pili andika gari la Mtwara, chumba, tiketi ya ndege na usafiri wa kutoka uwanjani Dar. Wakati mwingine basi litashinda, na si aibu.

Angalia na majira. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika maeneo ya Kilwa, ikiwemo Somanga, na abiria wakakwama kwa siku kadhaa. Mwenye miadi ya hospitali wakati wa masika ana sababu ya kuifikiria ndege hata kama basi ni nafuu.

'Moja kwa moja' si lazima iwe bila kutua

Hapa wengi huteleza. Safari inaweza kuitwa ya moja kwa moja kwa sababu hubadilishi ndege, lakini ikatua mji mwingine, ikashusha na kupakia abiria, ndipo iendelee. Kwa mtoto mgonjwa, kupaa na kutua mara mbili si sawa na mara moja.

Ukipiga simu kwa kampuni au kwa wakala, uliza waziwazi: "Ndege hii inatua mahali pengine kabla ya kufika Dar?" Ukitafuta mwenyewe kwenye simu, linganisha saa ya kuondoka na ya kufika. Mtwara na Dar zikitenganishwa na saa mbili au tatu, jua kuna kituo njiani.

Safari hazipo saa zote, na siku nyingine huenda isiwepo inayokufaa. Tafuta kwanza siku yenye ndege isiyotua, halafu ndiyo upange kuondoka nyumbani. Kwa miadi ya Jumatatu, lenga kufika Dar Jumamosi au Jumapili. Ndege nayo huahirishwa, na daktari hana namna ya kujua kwamba ulikwama Mtwara.

Soma saa vizuri

Tiketi haisomi saa kama tunavyozisoma. Ikiandikwa 07:20, hiyo ni saa 1:20 asubuhi. Anayeisoma kama saa 7:20 mchana atafika uwanjani akute ndege ilishaondoka saa sita zilizopita. Saa 7:20 mchana huandikwa 13:20.

Njia rahisi ni hii: saa za asubuhi, toa sita. Za kuanzia 13:00 hadi 18:00, toa kumi na mbili upate saa ya kawaida ya mchana, kisha ongeza sita. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Ukiona inakuchanganya, mwombe wakala akuandikie kwa mkono saa ya Kiswahili kando ya tiketi.

Fika uwanjani saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Dawati la kupokea abiria hufungwa mapema, na likifungwa halifunguliwi kwa machozi.

Jina la tiketi ni lile la kitambulisho

Kijijini anaitwa Mama Asha, lakini tiketi haimjui Mama Asha. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Salum na Salumu kwetu ni mtu mmoja, ila kwenye dawati la ukaguzi wanaweza kuwa wawili. Kusahihisha jina baada ya kulipa kunaweza kudai fedha nyingine.

Mtoto naye abebewe cheti cha kuzaliwa. Kwa kawaida mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo ya nauli, na mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Kuanzia miaka miwili anakaa kwenye kiti chake na nauli yake hupanda. Taja umri halisi wa mtoto siku ya safari, maana anayetimiza miaka miwili wiki moja kabla si wa kupakatwa tena.

Lipa mapema, lipa mahali sahihi

Viti vya bei nafuu huwa vichache na huondoka kwanza. Anayekata wiki kadhaa kabla hulipa kidogo kuliko anayekata jana ya safari. Desemba ni mtihani zaidi: fedha za korosho ziko mikononi, shule zimefungwa, na kila mtu anataka kusafiri.

Angalia bei kwenye tovuti au programu ya kampuni, kisha uliza kwa wakala mwenye ofisi inayojulikana. Ukiweka nafasi utapewa namba ya kulipia, nawe utalipa kwa simu au benki ndani ya muda uliotajwa. Muda ukipita, nafasi hufutika.

Mtu akikutumia namba yake binafsi na kukuambia utume haraka kwa kuwa kimebaki kiti kimoja, simama hapo. Baada ya malipo lazima upate tiketi yenye jina lako, tarehe, na kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita. Ichukue kumbukumbu hiyo, ipigie kampuni yenyewe na uulize kama tiketi imelipiwa. Simu ya dakika tatu itakuokoa na fedheha ya kurudishwa mlangoni ukiwa na mgonjwa.

Kampuni ikikutendea isivyo, anza kulalamika kwake kwa maandishi. Usipojibiwa, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, chini ya mwavuli wa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA.

Mgonjwa asipandishwe kimyakimya

Kabla ya kulipa chochote, muulize daktari aliyetoa rufaa kama mtoto anaweza kusafiri kwa ndege. Mwenye tatizo la moyo, mapafu au selimundu anahitaji jibu hilo, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege si nzito kama ya ardhini. Daktari akiridhia, omba barua na uiarifu kampuni siku unapokata tiketi. Mjamzito naye, hasa aliyevuka wiki 28, huulizwa barua ya daktari.

Dawa na karatasi za hospitali ziwe kwenye begi la mkononi. Sanduku likichelewa utavumilia nguo, hutavumilia dawa.

Kurudi si lazima kufanane na kwenda

Tiketi ya kwenda na kurudi huvutia. Lakini mgonjwa anaweza kuambiwa abaki wiki mbili zaidi, na tiketi ya bei ya chini mara nyingi hairudishiwi fedha, au kubadilisha tarehe kuna faini. Kwa safari ya hospitali, kata ya kwenda peke yake, au ulipe zaidi kidogo kwa ile inayobadilishika. Mtoto akishapata nafuu, basi la kurudi halina haraka.

Wazazi wenye watoto Chuo Kikuu cha Dodoma wana hesabu yao pia. Dodoma, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, hufikiwa kutoka Mtwara kwa kuunganisha ndege Dar. Hapo kata tiketi moja hadi mwisho. Ukikata mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili huenda ikawa hasara yako.

Tukirudi kwa yule mama wa Matambarale, kazi yake ya kwanza si kutafuta fedha. Ni kumpigia daktari, kisha kampuni ya ndege, kisha mjomba. Akishapata majibu ya wawili wa kwanza, mjomba ataambiwa kiasi kamili, na baba ataona kwenye karatasi ni ipi kati ya basi na ndege itakayomfikisha mtoto Jumatatu asubuhi.