Mgeni Naye ni Zao: Mkulima wa Bigwa Avune Nini Kwenye Utalii wa Uluguru?

Leo tuweke jembe pembeni kidogo tuzungumzie zao ambalo halihitaji mbolea wala dawa, lakini likitunzwa vibaya linakufa kama nyanya iliyopigwa na baka. Zao lenyewe ni mgeni, yaani mtalii.

Najua wapo watakaosema utalii ni mambo ya Arusha na Zanzibar, sisi huku ni ndizi na mihogo tu. Hebu tuangalie kwanza.

Bigwa ipo mlangoni

Kata yetu ipo Manispaa ya Morogoro, chini kabisa ya mlima. Hapa ndipo inapoanzia barabara ya Kiroka, Mkuyuni, Matombo hadi Kisaki, na ukiendelea unaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamleta mtu kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa takriban saa mbili. Mtu anaamka kwake Jumamosi, mchana yuko mlimani, jioni anarudi.

Na mlima wenyewe sio wa kubeza. Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, na una ndege, vyura na mimea isiyopatikana kwingine popote duniani. Msitu wake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, una zaidi ya hekta 24,000 na unasimamiwa na TFS. Kipo kilele cha Lupanga chenye mita 2,138, lipo jengo la zamani la Wajerumani pale Morningside, na vipo vijito vinavyopeleka maji Mto Ruvu, maji ambayo Dar es Salaam inayanywa.

Sasa hela inakwenda wapi?

Hapa ndipo penye kazi. Mgeni anaweza kulipia safari yake yote mjini, akala hotelini, akaja na muongozaji kutoka mbali, akapita kwenye njia inayokatiza shamba lako, na kitu pekee alichokuachia ni chupa tupu ya maji. Huo ni utalii, lakini haujampunguzia umaskini mtu yeyote wa Bigwa. Utalii unaomsaidia mwananchi ni ule ambao hela inashuka mkononi mwake, na mlima unabaki na miti yake ili mgeni mwingine naye aje.

Hayo mawili yanakwenda pamoja, na historia yetu inaonyesha. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu, faida mkulima haioni, na mwaka 1955 vurugu zikatokea Matombo, mpango ukafa. Kuhifadhi udongo halikuwa jambo baya. Kosa lilikuwa kumbebesha mkulima gharama huku faida inaenda kwingine. Ukimwambia mtu asikate mti wakati mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, atakusikiliza, halafu usiku atapanda na shoka. Lakini mti huo ukimletea hela ukiwa umesimama, ataulinda mwenyewe.

Wenzetu wamelijaribu hili. Kule Jozani, Unguja, wakulima waliopakana na msitu walilalamika kwamba kima punju wanawamalizia mazao. Ukawekwa utaratibu wa sehemu ya kiingilio cha watalii kurudi kwa wakulima na vijiji. Kaskazini nako, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, vijiji kama Ng'iresi na Longido vilianza utalii wa utamaduni kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV. Mgeni anatembezwa na kijana wa pale pale, anakula kwa mama wa pale pale, na kiasi fulani kinaingia kwenye maendeleo ya kijiji.

Shamba lako ndilo kivutio

Zanzibar mgeni analipa kutembezwa tu kwenye shamba la viungo kule Kizimbani, aone karafuu ikiwa mtini. Karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki hata milima yetu ya Uluguru inatoa, Mkuyuni na Matombo wanajua. Tofauti ni kwamba sisi tunauza gunia tu, wenzetu wanauza gunia na matembezi.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, anza na shamba:

1. Panda mchanganyiko. Migomba, miti ya kivuli, pilipili manga ikipanda juu ya mti, iliki chini. Mdalasini unaweza kuanza kuvuna mwaka wa tatu hivi, karafuu inahitaji subira zaidi. Mizizi inashika udongo, na hata wageni wasipokuja, mazao unayo.
2. Tengeneza njia. Ipite kwa kukingama na mteremko, sio kushuka moja kwa moja, la sivyo mvua ya masika itaigeuza korongo.
3. Choo safi na maji ya kunawa. Hapa hakuna mjadala.
4. Undeni kikundi. Mpishi, muongozaji, mwenye shamba, mwenye viungo vya kuuza. Kisajilini kupitia afisa maendeleo ya jamii. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaweza kuomba ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri.
5. Ongeeni na TFS kabla ya kupandisha mtu msituni. Ndani ya hifadhi kuna vibali na masharti. Msipitishe wageni njia za panya.
6. Andikeni daftari. Kila shilingi, mbele ya wote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wageni sita, kila mmoja 15,000 kwa chakula na matembezi, jumla 90,000. Mpishi na vyakula 30,000, muongozaji 20,000, mwenye shamba 30,000, mfuko wa kikundi 10,000. Sio utajiri. Lakini ni hela ya Jumamosi moja, na ndizi yako bado iko shambani.

Tahadhari mbili

Ya kwanza, usiache kulima. Mwaka 2020 korona ilipoingia wageni walikatika ghafla dunia nzima, na aliyekuwa na shamba alikula. Utalii uwe mboga, ugali ubaki kilimo.

Ya pili ni ardhi. Mahali pakianza kupendwa, wanunuzi wanapanda mlima na bahasha. Kwa mila ya Kiluguru ardhi ni ya ukoo, inapita upande wa mama, kwa hiyo unayoiuza leo sio yako peke yako. Ukiuza shamba lenye mandhari nzuri, kesho mwanao ataajiriwa kufyeka majani pale pale alipozikwa kitovu. Kama mtu ana mtaji, mkaribisheni kwa ubia wa maandishi, ukoo ukiwa umekaa na umekubali, ardhi ikibaki kwenu.

Msimu wa kiangazi ndio moto unapanda mlimani, na ndio pia wageni wanapenda kutembea. Mlima uliounguzwa hauna anayeupiga picha. Tukubaliane huko mitaani, kila anayesafisha shamba akate kwanza mkanda wa kuzuia moto, na jirani aambiwe.

Mwenye swali anikute ofisini, au anisimamishe njiani tu kama kawaida yenu. Kazi njema.