Buufis: Kungoja kwa Mzazi, Mzigo wa Kijana



Wasomali wa Dadaab wana neno lao, buufis, walitumialo kuitaja shauku ya kuhamishiwa nchi za mbali, shauku imkaayo mtu moyoni hata akakosa usingizi. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, katika kaunti ya Garissa, zilianza miaka ya 1991 na 1992, Somalia ilipovunjika. Kuna vijana tele waliozaliwa humo. Kismayu, mji ambao Wabajuni wetu waujua vyema, wao waujua kwa masimulizi tu. Vita hawakuviona. Buufis wanayo, na wameirithi nyumbani.

Hatuwalaumu wazazi wale. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Januari 2017 Marekani ikawazuia raia wa Somalia kuingia, na safari zilizongojwa kwa miaka zikakatika. Nani asingeyumba? Hata hivyo, mzazi amwambiapo bintiye kila jioni kwamba maisha yataanza "tukiondoka", binti huanza kuyaona masomo, marafiki, hata nafsi yake, kuwa ni vitu vya kupita.

Pana na jambo la lugha, nalo twaliona zito zaidi. Skuli za kambini hufuata mtaala wa Kenya, kwa Kiswahili na Kiingereza, ilhali wazazi wengi wana Kisomali peke yake. Basi mtoto ndiye mkalimani hospitalini, ndiye msomaji wa ujumbe wa simu, na ndiye wa kwanza kujua kwamba jina la jamaa yake halimo. Mara nyingine humficha mama nusu ya habari ili asilie. Nasi wa mwambao tusijione tu mbali: wangapi wetu wamekwenda Ghuba wakawaachia watoto ahadi ya viza?

Mzazi hana amri juu ya orodha ya wasafiri. Jioni ya nyumbani kwake anayo. Amtafute mtu mzima wa kumfasiria siku ya daktari, kijana aende skuli. Amuulize alichosoma leo, ajapokuwa hataelewa yote. Na akisimulia Kismayu, asimulie pia bahari, harusi na majirani, kwani wengi wa vijana hao wamesikia habari za risasi tu.