Msongo wa Kazi na Mafanikio Yanayodumu

Msongo wa kazi hutokea pale majukumu yanapozidi uwezo, muda au nyenzo alizonazo mtu, naye akajiona hana pa kupunguzia. Wenyewe si ugonjwa. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alieleza kwamba panya waliopatwa na madhara tofauti, kama baridi kali au majeraha, walionyesha mabadiliko yaleyale: tezi za juu ya figo zilikua na vidonda vikatokea tumboni. Mwili wa binadamu nao huyapokea kwa namna moja mambo yasiyofanana: mkuu wa kazi anayefoka, mteja anayetishia kuhama, hesabu zisizolingana saa nne za usiku.

Ubongo ukishahisi hatari, tezi hizo za juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini, moyo ukaenda mbio na shinikizo la damu likapanda. Muda mfupi baadaye homoni nyingine, kotisoli, huongezeka, na sukari ya akiba hutolewa ili misuli na ubongo vipate nguvu. Kwa kazi ya saa mbili tatu hali hiyo ni msaada mkubwa, na watu wengi waliofanikiwa wamejengwa nayo. Madhara huanza mwili usipopata nafasi ya kutulia. Kotisoli, ambayo kwa kawaida hupanda alfajiri na kushuka usiku, hupoteza mpangilio wake; usingizi hukatika, shinikizo la damu hubaki juu, na mtu aliyesifika kwa umakini huanza kusahau mambo madogo.

Mhasibu wa halmashauri nchini Tanzania ni mfano mzuri. Wiki za mwisho wa Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, hati za malipo hurundikana mezani, mfumo wa malipo hulemewa, na kila mkuu wa idara hutaka lake lipite kwanza. Juni ikiisha, mzigo hauishi. Hesabu za mwisho zinatakiwa zikabidhiwe kwa Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, kisha wakaguzi hufika na hoja zao. Msongo wa Juni peke yake unavumilika. Unaoumiza ni ule unaounganika na wa Septemba, kisha na wa Desemba, bila wiki moja ya kupumua katikati.

Wengi hudhani kwamba kadiri cheo kinavyopanda ndivyo msongo unavyoua. Uchunguzi wa watumishi wa serikali wa Whitehall, Uingereza, ulioanza mwaka 1967 na kuhusisha wanaume wapatao 18,000, ulionyesha kinyume: wa ngazi za chini walikufa kwa maradhi ya moyo takriban mara tatu ya wale wa ngazi za juu. Sigara na shinikizo la damu havikutosha kueleza tofauti yote. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha kuwa uhuru mdogo wa kuamua namna ya kufanya kazi ulichangia. Mtafiti Robert Karasek alikuwa ameshalieleza jambo hilo mwaka 1979: hatari kubwa iko pale madai mengi yanapokutana na mamlaka kidogo. Kwa hiyo, kiongozi anayempa mtumishi nafasi ya kupanga mwenyewe kipi kianze humpunguzia msongo zaidi kuliko anayemwandalia semina ya kujituliza.

Hata hivyo, uhuru hauondoi madhara ya saa nyingi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Shirika la Afya Duniani limeitambua pia hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Dalili zake ni tatu: uchovu usioisha, kuichukia au kuibeza kazi, na ufanisi kushuka. Hiyo ya pili ndiyo hupuuzwa zaidi. Mwalimu aliyewapenda wanafunzi wake akianza kuwazungumzia kwa dharau, huenda kuna jambo zito kuliko tabia mbaya.

Kinachorudisha nguvu ni kuiacha kazi kimwili na kiakili. Anayeketi sebuleni huku akijibu ujumbe wa kundi la ofisi saa tatu usiku bado yuko kazini. Usingizi wa saa saba au zaidi, mwendo wa miguu wa kila siku na saa maalumu ya kuzima simu ya kazi husaidia. Maumivu ya kifua, kukosa usingizi kwa wiki kadhaa au mawazo ya kujidhuru yanahitaji daktari haraka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo katika kikomo hicho, na wengi wenye kazi nzito ni hao. Likizo ya siku 28 kwa mwaka, hata hivyo, ni haki yao pia, na inafaa waichukue.