Punda mwenye mimba ahitaji lishe na mapumziko wakati wa kiangazi

WAFUGAJI wa Machakos ambao punda wao watazaa kati ya Juni na Oktoba wanapaswa kujitayarisha mapema, kwani wakati huo nyasi hukauka na safari za kuteka maji huwa ndefu.

Punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12, na mtoto hukua zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Wakati huo mama apunguziwe mizigo, apewe nyasi kavu safi, chumvi ya mifugo na maji ya kutosha. Mabua yenye ukungu yaepukwe.

Akikataa kula, daktari wa mifugo aitwe mara moja. Njaa husababisha mafuta ya mwilini kujaa katika damu, hali inayoweza kumuua pamoja na mtoto wake.

Baada ya kuzaliwa, mtoto anyonye dang'a katika saa chache za kwanza, maana ndiyo kinga yake.